Kilo Mbili za Gunia

Kazi yangu ilikuwa ya mdomo. Mwaka 1992 nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha ushirika huko kwetu Kagera. Gunia la kahawa ya maganda linatundikwa kwenye ndoano, mshale unacheza, unatulia, nami natamka kwa sauti: "Thelathini na nane!" Mwenzangu anaandika stakabadhi, mkulima anaweka sahihi au dole gumba. Mshale wengi hawakuuona. Uso wa mizani ulinielekea mimi.

Kila gunia lilikatwa kilo moja, uzito wa gunia lenyewe. Hilo kila mtu alilijua. Mimi nilikata mbili. Ile ya pili ilibaki ghalani pamoja na nyingine kama hizo, na jioni ziada yote tuliiandika kwa jina la mkulima rafiki yetu, ambaye shamba lake lisingetoa hata robo ya kahawa aliyolipwa. Tukagawana watu watatu. Kilo moja ya mtu ni nini, ndivyo nilivyojiambia. Na hesabu nilikuwa nayo kwenye daftari, gunia kwa gunia, jina kwa jina. Wezi wanaogawana hawaaminiani, lazima waandike.

Jumapili nilikuwa msomaji wa masomo usharikani. Sauti nilijaliwa, na niliijua.

Baba yangu alikuwa Mlokole, yaani mmoja wa waliookoka, wa ule Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ukaingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Tukiwa watoto tulikuwa tunamcheka chinichini kwa sababu aliwahi kutembea nusu siku kurudisha patasi aliyoiiba ujanani kwenye karakana ya misheni, patasi yenyewe imeshaisha makali. Walokole ndivyo walivyokuwa. Mtu akitubu jioni, kesho yake asubuhi unakutana naye njiani anaswaga mbuzi wa watu. Mimi nilijihesabu Mkristo wa kiasi.

Basi ikafika Jumapili ya Utatu, katikati ya Juni, msimu ndio kwanza umefunguliwa. Somo lilikuwa Isaya sura ya sita. Nilikuwa nimeshalisoma mara kadhaa na nililipenda kwa sababu linampa msomaji nafasi: pindo za vazi zimejaa hekaluni, moshi, maserafi wenye mabawa sita sita. Nikaanza polepole. Nilipofika kwenye "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" nikalipandisha kila moja juu ya jingine kama nilivyozoea, kanisa likatulia kabisa.

Sikuona moshi. Nilichopata ni kujisikia. Neno la tatu lilitoka kwa sauti ileile na mkazo uleule niliosemea "thelathini na nane" siku ya Ijumaa, na nililisikia kama linasemwa na mtu mwingine aliyesimama pale madhabahuni bila haya. Nikaogopa. Watu wote walikuwa wakinitazama, lakini hofu ile haikutoka kwao. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu ameugeuza uso wa mizani, na sasa mimi ndiye niliyening'inia kwenye ndoano.

Nikajikokota hadi mstari wa tano. "Ole wangu! Kwa maana nimepotea. Kwa sababu mimi ni mtu mwenye midomo..." Hapo nikakwama. Ulimi ulikauka. Upande wa akina mama, benchi la tatu, alikaa mama mmoja mjane ambaye Ijumaa ile nilikuwa nimempimia. Akawa ananitazama kwa huruma, akidhani naumwa.

Mzee wa kanisa alikuja akanimalizia somo, mimi nimeshika ukingo wa mimbari. Kwa hiyo habari ya kaa la moto niliisikia nikiwa nimesimama ubavuni mwake. Siku hizi tunaurukia mstari wa nane, "Mimi hapa, nitume mimi", tunauchapisha kwenye fulana za makongamano ya vijana. Hakuna anayechapisha wa sita. Lakini Isaya alichomwa kwanza, na alichomwa mdomoni, palepale aliposema pamechafuka.

Jumatatu nilimwambia mwenyekiti kilicho changu. Nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Nyumbani nilimweleza baba. Hakusema neno; alichukua pampu, akatoka nje kujaza upepo baiskeli yangu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule mjane. Magunia 14 kwa misimu miwili, kilo 14. Nilipakia kahawa kutoka kwenye mibuni yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepona?"

Akanitolea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyotolewa mgeni yeyote kwetu. Sikuweza kutia hata punje moja mdomoni. Nilifungua daftari, nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja kanga magotini.

"Nilijua," akasema. "Gunia nalibeba mwenyewe kutoka nyumbani mpaka kwenye mizani yenu. Shingo inajua. Lakini nani angeiamini shingo ya mjane?"

Akainuka, akajitwisha kile kifurushi, akaenda nacho mpaka mgombani na kurudi.

"Zimetimia," akasema, akakitua. "Na wenzangu?"

"Wamebaki sitini na wawili, mama."

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

Miaka yote nilidhani anayetumwa hutumwa mbali, labda Kongo, avuke ziwa na Biblia kwapani. Shamba langu la utume lilikuwa nyumba 62, zote za kata ile. Kahawa ya nyumbani iliisha upesi, nikauza baiskeli, nikavuna msimu uliofuata, nikaendelea kwa miguu. Wapo walioniimbia Tukutendereza, wimbo wa Walokole, mlangoni wakanikumbatia. Wapo waliocheka. Mama mmoja alilia, nami sikujua kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya ada ya mwanawe iliyokosekana mwaka ule.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa jirani na gulio. Sikukaribishwa kiti. Nilisema yangu nikiwa nimesimama uani, kifurushi begani, kilo 19.

"Sijakusamehe," akasema. "Kahawa iweke pale."

Nikaiweka pale.