Tangi la MGB linalovujia juu: jinsi nilivyolibadilisha

Harufu ya petroli kwenye MGB yangu, gari dogo la michezo la Uingereza, ilikuja tangi likijazwa pomoni. Likiwa nusu, hakuna kitu. Hapo tafuta tundu juu ya tangi. Kwenye MGB ya wazi tangi liko chini ya sakafu ya buti, maji na tope hunasa katikati ya tangi na sakafu, na kutu inakula bati mahali usipopaona.

Nilichomoa betri, nikatoa petroli yote nikiwa nje, nikainua nyuma na kuweka stendi. Kisha nikafungua mpira wa kujazia, bomba la kwenda kwenye pampu na nyaya za floti (kifaa ndani ya tangi kinachopima petroli): ya kijani yenye mstari mweusi ni ya geji ya petroli, nyeusi ni ya athi (ya kwenda kwenye bodi). Nati za ukingoni ziligoma hadi zilipolala na mafuta ya kulegeza kutu. Moto na grainda weka mbali: tangi tupu lina mvuke, nao ndio unaolipuka.

Tangi jipya nililipaka rangi nzito juu kabla ya kulipandisha. Floti nayo inataka sili mpya. Ya zamani huvuja, ukalaumu tangi bure.

Tia lita kumi, washa swichi. Pampu ya petroli ya umeme, ya aina ya SU, itagonga tik-tik kisha inyamaze. Isiponyamaza, huenda inavuta hewa kwenye nati ya bomba.