Nilivyofanikiwa kuwafikisha wachuma matufaha kwenye kipimo cha mlango wa kizazi

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi kwenye kliniki ndogo katika Bonde la Yakima, jimbo la Washington, Marekani. Huku ukitoka Toppenish kwenda Sunnyside ni mashamba tu: matufaha, cheri, na hopsi za bia zikitambaa kwenye kamba ndefu. Wanaochuma na kufungasha matunda ghalani wengi asili yao ni Meksiko, na nilikabidhiwa kazi ya kuwahimiza wanawake wao wapime saratani ya mlango wa kizazi. Ni saratani inayozuilika kwa kiasi kikubwa, lakini Marekani inawapata Walatina, yaani wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini, zaidi kuliko wanawake wazungu.

Vipeperushi vya Kihispania vilikuwepo tele, vimeandikwa vizuri, na hakuna aliyevigusa. Nikamtafuta promotora. Huyu ni kama mhudumu wa afya wa jamii kwetu, mama wa hapohapo aliyepewa mafunzo. Kasimamia ubatizo wa watoto wengi wa kitongoji, kwa hiyo ni comadre, yaani ndugu wa ubatizo, wa kila mtu. Nikamwambia aongoze yeye, mimi nitabeba mkoba.

Hakutaka ukumbi. Tulikutana jikoni kwa doña mmoja, yaani mama wa kuheshimiwa, maganda ya mahindi ya kufungia tamales, vyakula vya unga wa mahindi, yameloekwa kwenye beseni. Promotora akachana pakiti, akatoa kijiti chenye ncha laini, kikapita mkono kwa mkono. Tangu Mei 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani imeruhusu mwanamke ajichukulie mwenyewe sampuli ya kupima virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, akiwa kituo cha afya. Anajifungia chooni, anakiingiza ukeni, anakizungusha, anakitia kwenye kichupa. Virusi vikionekana, hapo ndipo mhudumu humchunguza. "Ni hiki tu?" akauliza mmoja, na jiko zima likacheka.

Swali zito lilikuja kicheko kilipoisha. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana. Je, majibu yakija navyo, si ndiyo ushahidi kwamba mume anatoka nje? Au mume atasema ni mke? Hili ndilo lililokuwa likiwazuia, wala si ujinga. Nikawaeleza kwamba HPV inaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, pengine tangu kabla ya ndoa, na kipimo hakisemi ilitoka kwa nani wala lini. Watu wengi huipata na mwili huiondoa wenyewe. Hatari ni ile inayong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii. Promotora aliyarudia maneno hayo kwa waume baada ya misa ya Kihispania, maana wao ndio wenye funguo za gari.

Kuna waliosema "atakalo Mungu". Wataalamu hupenda kuandika kwamba ni imani ya kukata tamaa. Mimi niliyesikia "Mungu akipenda" tangu utotoni sikuafiki. Mama mmoja nilipomdadisi akafunguka: "Mija (binti yangu), mkiiona saratani, nani atalipa?" Hapo nilikuwa na la kumjibu. Upo mpango wa serikali, uliotokana na sheria ya 1990, unaowapima matiti na mlango wa kizazi wanawake wa kipato kidogo wasio na bima. Na sheria ya 2000 ikafungua njia ya matibabu kwa wanaogundulika kupitia mpango huo. Wasio na vibali vya kuishi nchini njia yao ni nyembamba zaidi, na sikuwaficha. Ila kwenye kliniki yetu hakuna anayeulizwa vibali.

Saa nazo tulizibadilisha. Msimu wa cheri mtu yuko shambani alfajiri, na siku asiyochuma halipwi, basi tukafungua jioni, wahudumu wote wanawake. Wakaanza kuja wawili wawili, comadre na comadre yake, na wengine wakaja na mabinti zao wa miaka 11 na 12 wapate chanjo ya HPV.

Kilichobaki kutusumbua ni simu. Msimu ukiisha familia huhamia California na namba hubadilika, majibu yakabaki kwetu. Sasa kila fomu ina namba ya pili, ya mama au dada asiyehama, na mwenyewe huandika kama tunaruhusiwa kumwachia ujumbe wa "piga kliniki" bila kutaja kipimo. Mammogramu, picha ya kupima matiti, bado ni shida, kwa sababu mashine iko mjini.