Kizio cha Nazi

Alasiri ya Jumamosi moja ya mwaka 2017, mwadhini wa msikiti ulio nyuma ya nyumba yetu ya Magomeni, Dar es Salaam, alikuwa hajamaliza kuadhini pale kizio cha nazi kilipomtoka mama mkubwa mkononi. Alikuwa ameketi uani juu ya mbuzi, akikuna nazi ya wali wa usiku, kazi aliyoizoea tangu utotoni kiasi cha kutohitaji hata kuutazama ule ulimi wa chuma. Kizio kiliangukia kwenye sinia. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, akakitia tena katika wa kulia, kikaanguka mara ya pili. Hakusema kitu. Alikikodolea macho kana kwamba chenyewe ndicho chenye kosa.

Nilipaswa kushtuka siku tisa kabla ya hapo. Alhamisi ile alikuwa akizungumza na dada yake aliyeko Tanga, simu ikamponyoka mkono uleule, na maneno yakaanza kumtoka mazito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Robo saa baadaye alikuwa mzima kabisa, akicheka nasi. Tukasema ni jua na uchovu, nami ndiye niliyetumwa dukani kumnunulia soda ya baridi. Jumatano iliyofuata nilimpeleka mwanangu chanjo, nikamkuta muuguzi akiwaeleza akina mama dalili za kiharusi: uso kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika, na kwamba dalili hizo hata zikipotea zenyewe, mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile. Nilirudi nyumbani roho ikiwa juu. Hata hivyo nikajiambia kwamba nitampeleka Jumatatu, nikishapata ruhusa kazini.

Basi Jumatatu ilikuwa haijafika. Nilichuchumaa mbele yake nikamwomba atabasamu. Alinitazama kwa hasira, maana hakuona la kuchekesha, kisha akatabasamu, na upande wa kulia wa mdomo ukabaki palepale ulipokuwa. Nikamwomba anyanyue mikono yote miwili na kuituliza. Wa kulia ulishuka polepole, wenyewe, kama bendera isiyo na upepo. Nilipomwambia aseme, "Leo ni Jumamosi," alichotamka hakikuwa na Jumamosi wala leo.

Hapo nikafanya kosa ambalo mpaka sasa nikilikumbuka mwili hunisisimka: nilimpa maji. Yakamchuruzika pembeni mwa mdomo na mengine yakampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kwa hiyo jirani yetu mmoja alipokuja mbio na kushauri amezeshwe vidonge viwili vya presha kwa pamoja, nilikataa, si kwa elimu bali kwa woga wa kikohozi kile. Daktari aliniambia baadaye kwamba woga ule ulikuwa na faida mbili, kwa sababu koo lililopooza hupeleka kidonge mapafuni, na kuishusha presha ghafla wakati mshipa wa ubongo umeziba huweza kuinyima damu sehemu inayopigania uhai.

Ua ulikuwa umeshajaa watu. Bibi mmoja mtu mzima, ambaye mtaa mzima ulimheshimu, alisema, "Huo ni upepo mbaya, mwanangu. Asitikiswe. Aitwe ustadhi amsomee, na mkono uchuliwe kwa mafuta." Sikuwa na ubavu wa kubishana naye mbele za watu, na wala sikutaka, kwa kuwa mama mkubwa mwenyewe angetamani kusomewa. Nikamwambia, "Sawa, bibi, asomewe, lakini ndani ya gari." Akanyamaza kidogo, akafikiri, kisha akavaa baibui lake akapanda nasi. Tulimlaza kwa ubavu kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa bibi yule, na njia nzima, katika foleni iliyotukwamisha barabarani, nilisikia Ayatul Kursiy ikirudiwa kwa sauti ndogo isiyokatika.

Swali la kwanza tuliloulizwa hospitalini lilikuwa ni lini mara ya mwisho alionekana mzima. Nikajibu kwamba ni kabla ya adhana ya alasiri kwisha. Daktari akatazama saa yake, akaandika. Akampima sukari, kwa kuwa sukari ikishuka sana huweza kuigiza kiharusi, kisha presha, ikasoma 210 kwa 118. Wiki tatu nzima alikuwa ameacha dawa zake kwa kuwa alijisikia vizuri. Picha ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja, na daktari akatueleza kwamba mshipa wa upande wa kushoto wa ubongo, unaotawala mkono wa kulia na kwa watu wengi usemi pia, ulikuwa umezibwa. Ipo dawa ya mshipa ya kuyeyusha bonge la damu, nayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Tulikuwa bado ndani ya muda huo, lakini hospitali ile haikuwa nayo. Alipewa aspirini baada ya picha, alipitishiwa mpira wa puani kwa ajili ya chakula, na siku ya tatu akaanza mazoezi ya viungo. Nimekwisha kuwaza mara nyingi juu ya dawa ile. Juu ya Alhamisi huwaza zaidi.

Alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo, na maneno yake yakawa yanarudi moja moja, kwanza majina yetu, kisha vyakula. Mkono haukurudi wote. Jioni moja, miezi minne hivi baadaye, nilikaa mimi juu ya mbuzi, naye akawa kitini akinitazama. Nilikuwa sijamaliza hata kizio cha kwanza aliponitolea sentensi yake ndefu ya kwanza isiyokwama: "Mbona unakuna mpaka kwenye kifuu, unataka tule wali mweusi?"