Hodi Tatu na Skrubu Moja

Kazi yangu ni kuingia nyumba za watu. Mimi ni fundi umeme, naishi Kimara, Dar es Salaam, na kwa miaka 16 nimepita vyumba vya kulala, stoo, jikoni na darini mwa watu ambao nusu saa kabla tulikuwa hatujuani. Mwenye nyumba anasogeza kabati ili nifikie soketi iliyo nyuma yake. Naona dawa zilizopangwa juu ya droo, barua za benki, godoro la pili lililokunjwa pembeni ya kochi.

Vijana wengi ninaokutana nao wanajifunza uungwana kwenye simu: saa ya mkononi, suti, manukato, namna ya kufunga tai. Kupendeza ni jambo jema. Shati langu la kazi hupigwa pasi kila siku hata nikijua naenda kupanda dari lenye vumbi la miaka 20. Ila mimi uungwana nilifundishwa na mtu aliyekuwa na mashati matatu tu.

Ni mjomba wangu, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Cherehani yake ilikaa barazani, na mimi nilikaa chini yake nikiokota vifungo. Neno “muungwana” alikuwa nalo mdomoni kila wakati, basi siku moja nikamuuliza lina maana gani. “Mjomba,” aliniambia, maana sisi mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, “zamani lilikuwa neno la kuzaliwa nalo.” Muungwana alikuwa mtu huru, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Asiye muungwana alikuwa mtumwa, au mshamba aliyekuja juzi. Watu wa pwani waliokwenda na misafara hadi Kongo walijiita waungwana, na Kiswahili cha huko kikapata jina la Kingwana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya kisheria visiwani. Bibi yake mjomba, mzaa baba yake, alizaliwa mtumwa. “Waliommiliki ndio walioitwa waungwana,” alisema, akakata uzi kwa meno. “Na yeye ndiye aliyekuwa anarudisha salamu.”

Hilo la bibi yake limekaa nami kuliko somo lolote la shule.

Kwa hiyo sheria zangu nyingi ni za mlangoni. Napiga hodi mara tatu. Nikikosa jibu naondoka, hata kama nasikia redio ndani, hata kama nimepanda daladala mbili kufika pale. Siku hizi mageti yana kengele na watu wana simu, lakini kengele nayo naihesabu. Nikikuta mtoto peke yake au dada wa kazi peke yake, siingii mpaka nimpigie mwenye nyumba, azungumze na aliyepo, na mlango ukae wazi muda wote ninaofanya kazi. Dada wa kazi akiwa amenizidi umri, namwamkia shikamoo. Nimeshawaona watu wazima wakimwamkia mwenye nyumba kwa adabu zote, kisha wakigeuka wanamwita dada kwa mluzi. Roho inaniuma kila mara.

Nilichokiona ndani hakitoki nje. Jirani atauliza kwa sauti ya chini: “Eti ni kweli wanalala vyumba tofauti?” Namjibu nilikuwa naangalia waya. Na picha za kazi ninazoweka statasi ni za boksi la umeme peke yake, baada ya kuomba ruhusa. Ukutani kukiwa na picha ya familia, sipigi kabisa.

Sasa niseme la Mbezi.

Mwaka 2019 nilibadilisha mein switchi, yaani swichi kuu ya umeme, kwa mama mmoja mstaafu. Nyumba yake ilikuwa ya fezi tatu, yaani umeme unaingia kwa nyaya tatu. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyekaza waya, mimi nikamuuliza, “Umekaza zote?” akajibu ndiyo, nikafunga kifuniko. Jua lilikuwa linazama na nilitaka kuwahi nyumbani. Kesho yake alfajiri simu ikaita. Friji imetoa moshi, televisheni haiwaki, taa mbili zimepasuka. “Fundi,” alisema kwa upole kabisa, “naona usiku umeme umekuja na nguvu.”

Nilifika, nikachuchumaa mbele ya boksi, nikafungua kifuniko. Skrubu ya nyutro. Niliigusa kwa bisibisi ikazunguka karibu mara mbili kabla ya kubana. Shaba ya waya ilikuwa imepiga weusi upande mmoja. Asiyejua umeme nimweleze kidogo: kwenye fezi tatu, nyutro, waya wa kurudishia umeme, ndiyo inayoshikilia kila fezi kwenye volti 230. Ikilegea, mzigo wa fezi moja unaegemea nyingine, na vyombo vya upande mmoja vinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Friji haiwezi kustahimili hilo.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la chai ya tangawizi, ameniletea mimi. Mwanawe wa kiume yuko mlangoni. Kijana wangu anaangalia vidole vya miguu yake, maana alishaiona skrubu inavyozunguka. Na jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, mama mwenyewe ameshanipa: umeme umekuja na nguvu. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa na jibu la pili pia, lile la kumnyooshea kidole kijana, na lisingekuwa uongo.

Mjomba alikuwa na stori moja aliyokuwa akiirudia, ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Miaka ya 1970, Mzee Mwinyi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza. Hakuwamo chumbani walimohojiwa. Hakumgusa mtu. Aliandika barua akajiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Mjomba kila alipofika hapo alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akaniangalia. Skrubu moja ya Mbezi si jambo la kupimwa na roho za watu, naelewa. Lakini nikiwa nimechuchumaa pale, lile gurudumu ndilo lililonijia.

Nikasema, “Mama, umeme haukuja na nguvu. Skrubu hii haikukazwa, na kuikagua ilikuwa kazi yangu.”

Mwanawe alinitukana. Aliniita kanjanja, akasema mafundi wote ni wezi, akasema na mengine siyaandiki. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi nilikuwa chini tayari. Nikabaki chini. Sikujitetea, sikutaja miaka yangu ya kazi, wala sikumgeukia kijana. Mama hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akaweka sinia sakafuni karibu na mkono wangu. “Kunywa chai kwanza, fundi. Halafu tuhesabu.”

Tulihesabu. Ilikuja Sh 940,000, na niliilipa kwa miezi mitano. Miezi ile nyumbani kwangu samaki ilikuwa ya Jumapili tu, na mke wangu hakunilaumu hata mara moja. Hilo nalo ni deni. Kijana sikumkata hela. Tangu siku hiyo, skrubu ikikazwa na mmoja, mwingine anauvuta waya kwa mkono, ndipo tunachora alama ya wino mwekundu juu yake. Ukifungua boksi lolote tulilofanya baada ya 2019 utaikuta.

Mengine ni madogo, nayapitia upesi. Nikimtumia mtu pesa, natuma na ya kutolea. Ukimtumia kijana Sh 20,000 ya nauli na chakula halafu wakala akakata yake, hujamtumia 20,000. Kwenye kamati za harusi naandika ahadi ninayoweza kuilipa kesho asubuhi, hata kama ni 30,000 na jina linalofuata limeandika laki tatu. Binti yetu wa pili alipozaliwa nilisimamisha kazi wiki mbili. Mwenye ajira, sheria ya mwaka 2004 inampa baba siku zisizopungua tatu. Mimi sina mwajiri, kwa hiyo nilijipa mwenyewe. Nilifua nepi uani mchana kweupe, na jirani mmoja aliyesimama kunishangaa nilimwomba anisogezee ndoo. Alinisogezea.

Kuna moja bado inanishinda, na ni aibu ya mafundi wengi: “Nipo njiani.” Mteja anapiga, mimi bado natafuta soksi, na mdomo unatangulia. Mwezi uliopita nilimwambia hivyo mzee mmoja wa Goba. Alitoka kunisubiri getini, na nilipofika baada ya saa nzima nilimkuta amesimama kwenye jua, fimbo mkononi, kwa sababu aliamini niko jirani. Nilimwomba radhi. Alinipokea mfuko wa vifaa kwa mkono wake wa kushoto, asioshikia fimbo, akaniongoza ndani.

Kesho saa mbili asubuhi nina kazi kwake tena. Ngazi nimeshaifunga kwenye bodaboda, mfuko uko mlangoni, na nimemwambia asitoke nje mpaka asikie hodi.