Juma la mbalamwezi: siku yangu moja nikichagua vitabu vya watoto Ujiji

Saa 11 alfajiri

Kabla ya kushika simu natoka nje kuutazama mwezi. Umekuwa mkubwa, unateremka upande wa Kongo, na Ziwa Tanganyika lote limekuwa jeupe. Kwa wavuvi wa dagaa hii ni mapumziko, kwa sababu taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi na dagaa hawakusanyiki. Mitumbwi imepaki Katonga na Kibirizi, nyavu zinashonwa.

Kwangu ndiyo kazi inaanza. Wavulana wanaokwenda ziwani na kaka zao wakati wa giza, juma hili wako nyumbani, na jioni watakuja maktaba. Nilichukua miaka miwili kuligundua hilo. Nilikuwa nafunga orodha ya vitabu vya kuagiza tarehe yoyote niliyoambiwa, nikiwauliza waliokuwepo, na waliokuwepo karibu wote walikuwa wasichana na watoto wadogo. Siku hizi orodha naifunga mbalamwezi.

Saa 1 asubuhi

Chai na maandazi mawili. Jirani yangu, bibi anayeuza mawese, ananiuliza kama mjukuu wake alirudisha kile kitabu. "Shikamoo bibi, alirudisha." Maktaba nimeenda kwa miguu.

Saa 2

Boksi lililokuja jana kwa basi kutoka Dar es Salaam bado lina kamba zake. Kabla ya muhuri na namba ya usajili, kila kitabu nakipitia kwa kidole gumba, ukurasa baada ya ukurasa. Mwenzangu wa mapokezi huniambia napoteza muda. Leo nimemwita aje aone.

Ni riwaya ya vijana, jalada zuri, gundi imara. Ukurasa wa 48 umefuatwa na ukurasa wa 33. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, na hiki mikunjo yake ni ya kurasa 16. Mkunjo wa tatu umewekwa mara mbili, na wa nne, yaani kurasa za 49 hadi 64, haumo kabisa. Msomaji angefika pale msichana anaposukuma mlango wa stoo, kisha asingejua amekuta nini ndani. Na asingekuja kulalamika. Mtoto wa miaka 13 akikuta kitabu hakieleweki hadhani kiwanda kimekosea, anadhani yeye ndiye hajui kusoma.

Nimekitenga kirudi kilikotoka. Nakala nyingine nne za kitabu hichohicho ni nzima.

Vya watoto wadogo naangalia mgongo. Vilivyobanwa kwa pini mbili katikati huota kutu wakati wa masika, halafu kurasa za kati zinachomoka. Vilivyoshonwa kwa uzi nitavichukua hata vikizidi bei kidogo, maana kitabu cha picha hapa kwetu hushikwa na mikono kumi kwa siku.

Saa 3

Naendelea na nakala za mfano. Nyuma ya ukurasa wa jina naisoma ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: baada ya 978, ikiwa 9976 au 9987 kitabu ni cha Tanzania, ikiwa 9966 ni cha Kenya. Cha Kenya sikikatai. Ni kweli mtoto wa hapa atakwama kwenye "tarakilishi" (kompyuta) na "rununu" (simu ya mkononi), na atashangaa kukuta mhusika yuko darasa la nane. Hayo nayaeleza kwa dakika moja. Mtoto hasumbuliwi na neno geni kama hadithi inamvuta.

Hadithi ninazozikataa ni za aina moja, na zimechapwa nchi zote mbili. Mtoto anakatazwa kwenda mtoni, anakwenda, mamba anamkamata, mwisho. Mtoto wa kwenye kitabu hicho hana wazo lake, hana rafiki, hana hata chakula anachokipenda. Ameumbwa ili aadhibiwe. Wasomaji wangu wanalitambua hilo ukurasa wa pili na kukifunga. Kati ya vitabu tisa vya mfano vilivyomo kwenye boksi, vitatu ni vya namna hiyo, na hakuna hata kimoja kitakachoingia kwenye orodha.

Ngano nazo nimezisimamisha robo hii. Rafu ya ngano, namba 398.2, imejaa sungura na fisi mpaka vitabu vinalala juu ya vingine. Nimelelewa na hadithi hizo na nitazisoma mpaka nizeeke, lakini mtoto anastahili pia kukutana na mtoto mwenzake anayeishi leo.

Saa 4

Darasa la pili kutoka shule ya jirani, watoto arobaini na kitu, mwalimu mmoja. "Shikamoo mwalimu!" kwa sauti moja, mpaka dirisha linatetema. Kuna wanaotoka nyumba za Kiha, na kuna wa Ujiji hapahapa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mama. Kitabu kinachomfaa mmoja kinaweza kumwacha mwenzake nje.

Nawasomea viwili vya mfano. Ukimuuliza mtoto "kizuri?" atakujibu "ndiyo" kwa adabu, kwa hiyo siulizi. Natazama. Kile cha kwanza, chenye wanyama wanaojadiliana kuhusu usafi, kimesikilizwa kwa utulivu, na utulivu ule ulikuwa wa darasani. Cha pili kinahusu mtoto aliyepotelewa na kandambili moja njiani kwenda dukani. Nilipofika ukurasa wa tatu, binti wa mstari wa mbele amevua kandambili zake na kuziweka mapajani. Nimeona, nikapunguza mwendo. Nilipomaliza, wawili wamekuja kukifungua upya, wakirudi nyuma kuitafuta kandambili kwenye picha ambazo sisi watu wazima hatukuiona. Hicho nimekiandika nakala sita.

Wanaojua kusoma wenyewe nawafundisha kanuni ya vidole vitano. Fungua ukurasa wowote, kunja kidole kila ukikuta neno usilolijua. Ngumi ikijaa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kingoje kwanza.

Wakati wanajipanga kuondoka, mvulana mmoja amebaki kwenye ensaiklopidia kubwa ya Kiingereza, ya msaada kutoka ng'ambo. Ameweka kidole kwenye picha ya samaki. "Huyu kuhe," ananiambia. Maandishi yamemwita kwa jina refu la kisayansi, lakini mtoto amepatia. Akaendelea: "Huyu na mke wake wanalinda watoto wao pamoja. Ukizamia karibu wanakujia." Nimesoma maelezo chini ya picha, na ndivyo yanavyosema. Wanasema pia kuhe ndiye mkubwa kuliko samaki wote wa ukoo wake wa sikilidi duniani.

Mtoto wa miaka minane anajua mambo yaliyomo kwenye kitabu asichoweza kukisoma. Nina daftari la vitabu ninavyovitamani, na leo nimekiandika tena kwa wino mwekundu: kitabu cha Kiswahili, chenye picha, kuhusu Ziwa Tanganyika, kinachowaita dagaa, migebuka na kuhe kwa majina yao, na kinachomwambia mtoto kwamba maji anayoogelea yana kina cha mita 1,470, ya pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Kila robo nakitafuta kwenye orodha za wachapishaji. Bado sijakiona.

Saa 6 mchana

Mkuu wangu wa kazi ameita orodha. Fedha za robo hii ni shilingi 600,000, na anataka nusu iende kwenye vitabu teule vya fasihi vya kidato cha tatu na cha nne. "Dada, ndivyo vinavyoulizwa mezani kila siku," anasema, na ni kweli vinaulizwa.

Nikamwomba aniruhusu nifungue rejesta ya waazimaji. Kuna majina ambayo mwaka juzi yalijitokeza kila wiki, watoto wa darasa la saba. Waliazima vitabu vya hadithi mpaka wakavimaliza. Mwaka jana, wakiwa kidato cha kwanza, wamejitokeza mara mbili, mara tatu. Mwaka huu hawamo.

Hawajawa wavivu. Shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, sekondari karibu kila kitu ni Kiingereza, na ghafla kila karatasi wanayowekewa mbele ni ya kukariri. Wakija kwetu kutafuta kitu cha kusoma kwa raha zao, wanakuta vitabu vya picha ambavyo wanaona haya kuvishika, na riwaya za watu wazima zenye kurasa 300. Katikati hapana kitu. Vitabu teule watavipata hata kwa kupiga kopi, kwa sababu mtihani unawalazimisha. Hadithi ya msichana wa miaka 14 aliyegombana na rafiki yake hakuna mtihani unaoilazimisha, na kama sisi hatuinunui hawataisoma popote.

Tumebishana kwa heshima karibu nusu saa. Tumefikia hapa: riwaya fupi za vijana za Kiswahili 20 kwa shilingi 12,000 kila moja, vitabu vya picha 25 kwa 6,000, vitabu teule 10 kwa 10,000, nakala mbili za kitabu cha afya ya kubalehe kwa 15,000. Zinabaki 80,000, nusu ya usafiri na nusu ya nailoni ya kufunikia na gundi. Nilitaka riwaya 25. Nimekubali 20.

Saa 7

Ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese.

Saa 8

Simu za wachapishaji. Mmoja hapokei, mwingine anasema kitabu ninachokitaka kimeisha na hajui kitachapwa tena lini. Riwaya ya vijana ikiisha sokoni huenda isirudi, kwa hiyo zile nakala tulizo nazo nazipaka gundi mgongoni mapema. Kwenye rafu yangu vipo vingi vyenye alama ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991. Baadhi vimeshapita mikononi mwa watoto ambao leo ni wazazi, na kurasa bado zimeshikana.

Saa 9 alasiri

Wasichana wa sekondari. Wanakuja watatu watatu, wanakaa meza ya pembeni.

Kitabu kimoja cha afya, kinachoeleza hedhi na mabadiliko ya mwili kwa Kiswahili kilichonyooka, hakijaazimwa hata mara moja tangu kifike. Ukitazama kadi yake utasema kiondolewe. Lakini kila jioni nakikuta nyuma ya atlasi kubwa, rafu ya chini, ambako mimi sikukiweka. Kona zake zimelegea, na ukurasa wa kuhesabu siku una alama za vidole. Kinasomwa kila siku hapahapa ndani, na kinafichwa ili mwingine asikichukue au ili asionekane anayekisoma. Takwimu za kuazima haziwezi kukuambia hilo. Lazima uiname mwenyewe nyuma ya atlasi.

Baba mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini kitabu kile kiwe chumba cha watoto. Nilimkaribisha kiti, nikampa akisome mwanzo hadi mwisho. Alisoma kimya, akakirudisha, akasema, "Haya mwalimu." Wiki iliyofuata binti yake alikuja na daftari.

Hizo nakala mbili mpya ndizo za hapa. Moja nitaiacha nyuma ya atlasi, makusudi.

Saa 10 hadi saa 12 jioni

Wavulana wa ziwani wamefika, kama mwezi ulivyoahidi. Saba leo. Viganja vyao ni vigumu kwa kamba, na kwanza wanazunguka kwenye magazeti ya michezo wakijifanya wamekuja kwa hayo. Nawawekea mezani riwaya nne za mfano na kuondoka. Nikisimama pale watachagua kile wanachodhani nakipenda mimi.

Kimoja kilikuwa cha Kiingereza, riwaya fupi ya vijana iliyotokana na Tuzo ya Burt, tuzo ya riwaya za vijana, yenye wahusika wa kwetu na majina ya kwetu. Wa kidato cha pili amekishika muda mrefu, akisogeza midomo. Amekunja vidole vitatu ukurasa mzima, hajafika vitano. Hicho kitafaa kuwavusha kwenda Kiingereza bila mtihani.

Mwingine, miaka 14 hivi, mkimya, amesoma kurasa 22 za riwaya ya Kiswahili akiwa amesimama. Nilipopita akaniuliza, bila kuinua kichwa: "Dada, huyu mwandishi amewahi kuvua?" Nikamuuliza kwa nini. "Amesema wamevuta wavu mwezi ukiwaka. Dagaa usiku huo watoke wapi?"

Nikakaa. Tulizungumza robo saa kuhusu kosa lile. Nilidhani litamfanya akiache kitabu, lakini alitaka kujua mhusika ataokoka vipi na deni la mafuta ya injini, kwa sababu hilo la deni mwandishi amelipatia sawasawa. Nimeandika nakala tatu. Kwenye barua ya oda nimeongeza sentensi moja ya kumfikia mwandishi, kwa heshima, kuhusu mwezi na dagaa.

Saa 1 usiku

Nimefunga orodha na kuituma. Yule kijana amebaki wa mwisho, nakala ya mfano ameikumbatia. Kwa kawaida nakala za mfano haziazimwi, na muda wa kuazima ni siku 14. Lakini siku chache zijazo giza litarudi, atakuwa anatoka jioni na kurudi alfajiri akiwa hoi, na siku 14 zitaishia katikati ya giza hilo. Nimegonga muhuri. Kwenye karatasi ya tarehe nimehesabu siku 29 kwa vidole, yeye akihesabu pamoja nami, mpaka tukafika mwezi mkubwa unaofuata, nikaiandika tarehe hiyo.