Korosho 24 kwenye mkeka

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha Newala, mkoani Mtwara. Mwaka juzi nilipewa kazi ya kupima uelewa wa afya: mtu anapataje taarifa, anazielewaje, anazitumiaje. Nilikabidhiwa dodoso lililotafsiriwa kutoka lile la Ulaya la maswali 47, lililotumika katika nchi 8 mwaka 2011. Majibu yake ni manne: rahisi sana, rahisi, ngumu, ngumu sana.

Siku ya kwanza nilihoji watu tisa. Kuelewa maelekezo ya daktari? "Rahisi, mwanangu." Kujua wakati wa kwenda hospitali? "Rahisi tu." Wa mwisho alikuwa bibi mmoja, na pembeni yake palikuwa na bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×3. Nilikwisha kufunga daftari, nikamuuliza tu:

"Bibi, hizi unamezaje?"

"Kimoja kimoja, siku tatu. Kesho namaliza."

Moyo ulinipasuka. Ilikuwa kimoja mara tatu kwa siku, na vidonge bado vilikuwa vingi. Nami nilikuwa nimeshamwandikia "rahisi sana".

Usiku ule sikulala vizuri. Mgeni kaja na kalamu, kapewa kigoda, halafu mwenyeji amwambie kuwa daktari haeleweki? Nilikuwa napima adabu za watu.

Nilifikiria kupima kwa kusoma. Marekani kuna kipimo cha maneno 66 ya kitabibu: mgonjwa anayatamka, unahesabu aliyopatia. Kwa Kiingereza kina maana, maana maandishi yake hayafuati matamshi. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa. Mtoto wa darasa la tatu atakusomea "shinikizo la damu" bila kukwama na asijue ni kitu gani. Kingine cha mwaka 2005 kinampa mtu lebo ya aiskrimu na maswali 6. Kwetu Newala, lebo tunayokutana nayo ni ya dawa.

Basi nikachukua korosho 24, idadi ya vidonge vya dozi ya mtu mzima ya dawa mseto ya malaria. Nikazimwaga mkekani, nikatoa maelekezo yaleyale ya dirisha la dawa: vinne vya kwanza sasa hivi, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Nioneshe.

Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akapanga mafungu sita safi kabisa. Nikamuuliza la pili analimeza lini. "Saa 8 mchana." Kumbe sisi wenyewe ndio tunaomchanganya, maana saa 8 ya kuhesabu na saa 8 ya mchana zinatamkwa sawa. Mama mmoja ambaye hakukaa darasani hata siku moja alisogeza fungu la pili karibu na la kwanza, akasema, "Nikianza jua likichomoza, hili nalimeza alasiri, nimeshakula." Aliwahi kumuuguza mumewe. Dodoso lingemweka chini ya yule kijana.

Maneno nayo yalinisumbua. Ukiuliza "homa", wengi wanasikia malaria. Ukiuliza malaria, wapo wasioitaja degedege, kwa sababu kwao hiyo ina asili nyingine kabisa na mtu wake wa kuitibu. Kwa wazee niliongozana na mwenzangu anayeongea Kimakonde vizuri kuliko mimi. Nikaongeza na swali: nani anakusomea, na ukikwama unamuuliza nani? Wengi walinitajia mkwe au mjukuu. Wanawake kadhaa walimtaja nyakanga aliyewafunda. Mtu wa namna hiyo hayuko peke yake na karatasi yake, na ukimpima peke yake unamwonea.

Ripoti niliyopeleka ilikuwa na majibu ya dodoso upande mmoja na ya korosho upande wa pili. Dirisha la dawa la zahanati yetu sasa linachora kwenye bahasha: jua linalochomoza, jua la utosi, mwezi.

Bibi wa ile bahasha nilimpitia tena alipopewa dawa nyingine. Akapanga korosho tatu chini ya michoro, akaigusa ya katikati.

"Na hii, mwanangu, nikiwa shambani?"

Tukaifunga kwenye pindo la kanga yake.