Baraka ya mwenye kuuzisha bunga

Bwana asifiwe bandugu,

Juma hii tuko mu Mezali 11:26. Inasema ule anafungia mavuno yake batu batamulaani, lakini baraka inashuka ku kichwa ya ule anaiuzisha. Anaiuzisha, analipwa, anarudia kwake na feza, na bado Mungu anamubariki. Hapa Lubumbashi hatuhitaji mutu wa teolojia atuelezee hii, juu bunga yetu mingi inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na wakati mahindi inakosekana, sawa vile ukame wa 2024 kule, kila mama wa komini ya Kenya ao Katuba anajua depo gani iko na mifuko ndani lakini mulango imefungwa, banangojea bei ipande.

Naandika hivi juu kati yetu kuko bale banawaza kama mukristo mufanya biashara asipouza kwa hasara basi iko na roho mubaya, na kampuni ya mine ikichimbia kijiji kisima tunasema aah, banatafuta paka jina. Ni kweli, sheria ya mine (Code minier) ya 2018 inalazimisha kampuni za mine kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya vijiji vya pembeni, kwa hiyo zingine zinatoa juu ya sheria, hapana juu ya upendo. Sawa. Mutoto akikunywa ile maji anakunywa maji.

Miye shida yangu iko fasi ingine: kampuni inakata utepe wa dispensari, banapiga foto, na bafanyakazi ba sutretansi (bale kampuni inatumikisha kupitia kampuni ingine) bako nyumba wanangojea mushahara ya miezi ya nyuma. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaomba mushahara ilipwe mbele jua haijashuka, na Yakobo 5:4 inasema mushahara yenye kuzuiwa inapiga kelele mpaka Bwana anaisikia. Dispensari haifunike hiyo kelele.

Sasa muangalie Boazi, ule tajiri mwenye shamba mu kitabu ya Ruthu. Walawi 19:9 ilimukataza kuvuna mpaka ku pembe za shamba, juu ile ni ya bamasikini, lakini katikati yote ilikuwa yake, alivuna, akakula, akalala karibu na lundo ya shayiri yake na moyo mweupe (Ruthu 3:7), hakuna mutu alimuhukumu. Na bafanyakazi alibaambia baachilie masuke makusudi ili Ruthu, mujane masikini, aokote. Na kusema kweli ule muzee naye alijitafutia kidogo, mwisho si alimuoa!

Alhamisi ku kikundi ya maombi tutaendelea na Kumbukumbu la Torati 25:13, ile ya mawe mbili za kupimia mu mufuko moja. Benye depo na bamama benye kuuzisha bunga kwa kipimo, mukuje, na mukuje na vipimo vyenu.